Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa chama chetu cha kuhifadhi mji wa kale, Bagamoyo

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum, na shikamooni wazee wetu mliofika.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Ufukwe ulisafishwa, wanafunzi walitembezwa magofu ya Kaole na Ngome Kongwe, makaburi yalifyekwa, kamati ilikaa vikao vyake. Mapato na matumizi atayasoma mhazini.

Nije kwenye nyumba ya ghorofa kule Dunda, maana maneno yamekuwa mengi vibarazani. Warithi walitaka tuwaunge mkono wapate kibali cha kuibomoa yote wajenge gesti. Kamati ilikataa, na barua niliiandika na kuitia saini mimi. Wapo wanaosema mwenyekiti kajifanya mwenye nyumba. Naomba nijibu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lolote lililojengwa kabla ya 1863, na mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 unalindwa hata kama nyumba yenyewe ni ya juzi. Mji Mkongwe wetu nao ni eneo la hifadhi tangu 1983. Kibali si cha chama kutoa wala si cha mwenyekiti. Sisi tuliombwa maoni, tukayatoa.

Na hatukuyatoa tukiwa tumekaa mkekani. Niliingia mle ndani na fundi wa chokaa, mzee aliyeirithi kazi hiyo kwa baba yake. Ukuta wa mbele ni wa matumbawe, mnene, na bado umesimama wima. Wa nyuma umeuawa na maji: mabati yaling'oka, mvua ikaingia kwa juu masika baada ya masika, boriti za mikoko zikaoza pale pale zinapozama ukutani. Halafu kuna plasta ya saruji iliyopigwa zamani kwa nia njema. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu na chumvi vikafungiwa ndani. Fundi alichokonoa kwa kidole, plasta ikabanduka nzima kama sahani, na nyuma yake ukamwagika mchanga mtupu.

Ndiyo maana tulikubali vyumba viwili vya nyuma vishushwe. Watoto wa madrasa hupita pale kila alasiri, na roho ya mtu haina fidia. Hilo limo kwenye barua, lakini wanaotulaumu hawalitaji. Tulichokataa ni kuangusha upande wa mbele, wenye mlango na baraza, ambao ukiegemezwa na kuezekwa mapema utapona.

Nimeambiwa urithi hauliwi. Najua, na najua pia nyumba ya warithi wengi hukosa hata mmoja wa kununua mfuko wa chokaa. Lakini hao wageni wa gesti watakuja Bagamoyo kutazama nini? Wanaufuata mji uliopokea misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora, mji ambao Wajerumani waliufanya makao makuu yao kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Nyumba za tofali za saruji wamezizoea huko watokako.

Imesemwa pia kwamba uamuzi ulipitishwa na watu wachache. Kwenye kikao hicho tulihudhuria 14 kati ya wanachama 86, lakini tangazo lilibandikwa msikitini na ofisi ya mtaa, na kila mwenye simu alitumiwa ujumbe. Wanaolalamika zaidi sikuwaona siku hiyo, wala kwenye kikao cha kabla yake. Ada ni vivyo hivyo: shilingi 1,000 kwa mwezi, na waliokamilisha ni 29. Turubai lililofunika ule ukuta na mirunda inayoushikilia tulivinunua kwa fedha zetu mimi na mhazini, risiti zipo. Sitaki sifa, nimeulizwa fedha zilitoka wapi, na hilo ndilo jibu.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuwakalisha warithi pamoja na maofisa wa Mambo ya Kale, kutafuta wafadhili, na kuwapata vijana wa kujifunza kazi ya chokaa kwa yule mzee angali na nguvu.

Turubai limeshaanza kuchanika na masika hayako mbali. Mwenye mabati yaliyotumika au mirunda amwone katibu leo kabla hajaondoka, na wa ada amwone mhazini.

Ahsanteni.