Kwa Dada Mado, kuhusu mtoto na soko

Lubumbashi, Katuba

Dada Mado mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mtoto wa marehemu kaka yako ataanza kuuza makaa kila siku akitoka masomoni, maana soko linafungua akili. Sikulaumu. Bei ya unga naijua, na karo ya shule ya msingi kuondolewa tangu 2019 hakukununua daftari wala viatu.

Ila naomba unisikilize kidogo. Darasani kwangu, mwaka wa tano, kuna mvulana anayeuza mayai ya kuchemsha soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini, hadi usiku. Nilinunua kwake mayai saba ya franka 500, nikampa noti ya 5.000. Alinirudishia 1.500 hata sijafungua mkoba. Kesho yake nikaandika ubaoni 5.000 kutoa 3.500. Akaandika 2.500. Mado, nilishikwa na huzuni.

Wala si yeye tu. Huko Recife, nchini Brazili, watafiti walijifanya wateja wa watoto wachuuzi watano, wakachapisha matokeo mwaka 1985. Barabarani watoto walipatia kama hesabu 98 kwa kila 100. Walipopewa penseli na hesabu za namna hiyo kwa namba tupu, walipatia kama 37. Kwa hiyo ni kweli, akili inafunguka, lakini kwa mlango mmoja. Kusoma na kuandika kunataka saa zake, na mtoto anayelala saa sita usiku hana saa hizo. Huyu wangu saa nne asubuhi kichwa kiko juu ya dawati. Tena ubongo huhifadhi masomo ya mchana wakati wa usingizi. Akikosa usingizi, hata alichokisikia kinapotea.

Sisemi asikusaidie. Sisi wawili tulichota maji, tukaosha masufuria, na tukasoma. Mwache auze Jumamosi asubuhi, na gunia abebe mtu mzima. Siku za masomo awe nyumbani kabla ya giza, akusomee kwa sauti wewe ukisonga bukari. Na hiyo Jumamosi aandike kila alichouza na kila chenji aliyotoa, ahesabu kwa kalamu kile alichokwisha kuhesabu kwa kichwa.

Ijumaa nitampa dereva wa basi la Likasi daftari mbili na kalamu. Niambie yuko mwaka wa ngapi, nitafute na kitabu.

Rafiki yako,
Béa