Usiitikie usichokielewa

Mwanangu,

Nakuandikia ungali chumba cha pili, maana ana kwa ana tutagombana. Ile barua ya Kiingereza kutoka chuo nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kamusi mkononi. Kulikuwa na maneno mawili niliyodhani nayajua. Wewe baba yako alipokuuliza ukasema, "Nimeelewa yote." Lile "yote" ndilo limeninyima usingizi.

Sikuogopei baridi wala upweke. Naogopa kuitikia kwako. Mhadhiri atataja neno, wenzako watatikisa vichwa, na wewe utatikisa.

Daftari lako la maneno nimelichungulia, nisamehe. Hati nzuri, nimejivunia. Lakini umepanga neno moja kwa maana moja, kama mke na mume, na Kiingereza hakina uaminifu huo. "Sanction" ni kuruhusu, tena ni kuwekea vikwazo. "Table" ni meza, sawa. Lakini mkutanoni, Mwingereza aki-"table" hoja anaileta ijadiliwe, Mmarekani anaiweka kando. Andika neno pamoja na sentensi ulimolikuta. Na hayo maneno hamsini kwa usiku mmoja ni kiburi tu: jana nilikuuliza ya juzi, ukanikaripia.

Halafu matamshi. Sisi tumelelewa na irabu tano na sauti zake tano, mkazo tunaujua ulipo bila kuuliza. Wao kwa herufi hizo hizo tano wanatoa sauti za irabu karibu ishirini. "Record" ukiikaza mwanzo ni kumbukumbu, ukiikaza mwisho ni kitendo cha kurekodi. Kwenye kamusi kuna kistari kidogo cha wima, juu, mbele ya silabi yenye mkazo. Hujawahi kukitazama, najua.

"Debt" ina b isiyotamkwa. Wasomi waliichomeka ili neno lifanane na la Kilatini. Mimi niliitamka hiyo b kazini miaka na miaka, na hakuna aliyenisahihisha. Walikuwa na adabu. Afadhali wangekosa.

Ile siku ulipoitamka s ya "island", nayo haitamkwi, siirudii. Ila naona tangu hapo unasoma kimoyomoyo, na aliyecheka anajijua. Soma kwa sauti, mwanangu. Sikiliza kwanza neno kwenye kamusi ya simu, kisha ulirudie, hata ukifunga mlango. Na mtu akisema usilolielewa, mwambie arudie. Usiitikie. Nimeshasema, nasema tena.

Ufunguo wa kabati la chini uliuweka wapi? Mdogo wako ameshahamishia nguo zake kitandani kwako, na hata hujaondoka. Blanketi la kijivu ni lako, lichukue. Bomba la bafuni bado linavuja. Baba yako anasema kesho.

Kamusi ya jalada jekundu iache. Nimefika herufi D.

Mama yako