Taarifa ya mwenyekiti wa chama chetu cha kurusha ndege kwa wanachama: mwaka huu nitaongea mafuta tu

Wanachama wenzangu, wazee wangu mliorusha ndege kabla mimi sijajua hata baiskeli, na vijana mliojiunga juzijuzi, habari za siku nyingi.

Nianze na hela tumalize. Mweka hazina kashabandika hesabu pale ofisini, kasomeni wenyewe, ada wengi mmelipa na wachache mnajijua. Mfuko wa injini bado uko chini, na mjue injini yetu ya Lycoming kiwanda kinataka ifanyiwe ovaholi kwenye saa 2,000, saa zinasogea kila mnapoenda kutembeza mashemeji wikendi. Kuhusu paa la banda la ndege yetu, bado tunasubiri fundi.

Sasa la mafuta. Mwaka huu injini ya ndege yetu, Cessna 172, imetutisha mara mbili angani, na mara zote mbili fundi kaikagua mpaka kachoka, hakuna alichokuta, injini nzima kabisa. Kwa hiyo mbovu ni nani? Ni sisi. Na si sisi peke yetu, Wamarekani wa NTSB, shirika lao la kuchunguza ajali, waliangalia ajali zao za ndege ndogo za 2011 mpaka 2015, wakakuta kwa wastani zaidi ya 50 kila mwaka zinatokana na usimamizi wa mafuta, na makosa ya watu yalichangia kwenye asilimia 95 ya hizo. Asilimia 56 mafuta yaliisha kabisa, asilimia 35 mafuta yalikuwemo ndani ya ndege ila hayakufika kwenye injini. Hiyo ya pili ndo inauma, unaanguka na mafuta yako.

Tukio la kwanza mwenzetu alikuwa anashuka Tanga, joto nyuzi 27, unyevu ule mnaoujua, kavuta throto, ule mkono wa nguvu ya injini, nyuma kidogo anashuka taratibu, mara injini ikaanza kutetemeka na mzunguko unapungua. Barafu. Najua mnacheka, barafu Tanga! Lakini hewa ikipita kwenye kabureta, pale inapochanganywa na mafuta, inapoa kwa nyuzi 20 na zaidi, mafuta yakigeuka mvuke nayo yanavuta joto, ule unyevu unaganda hapohapo kwenye koo la kabureta, na ukiwa umepunguza nguvu ndo mbaya zaidi. Akavuta hita ya kabureta, injini ikakohoa vibaya kuliko mwanzo, akataka kuirudisha. Msirudishe! Hayo ni maji ya barafu inayoyeyuka yanapita ndani, vumilia ikae sawa. Yeye alivumilia, ikakaa sawa, akatua, akanipigia simu anatetemeka kuliko injini yenyewe.

La pili ni langu, bora niseme mwenyewe kabla katibu hajawasimulia. Aliyepaki ndege kabla yangu alikuwa kaigeuzia valvu ya kuchagua tenki la mafuta upande wa kushoto ili yasihamie upande mmoja maana pale tunapopaki pana mteremko, na alifanya vizuri tu. Mimi nimekuja asubuhi na haraka zangu, chekilisti naisoma kwa mdomo macho yako kwenye simu, nikaruka. Kushoto palikuwa na kidogo, kulia pamejaa. Huko mbele juu ya mbuga nguvu ikakata, propela inazunguka na upepo tu. Kwa sekunde kadhaa sikufanya chochote, nasema ukweli, nilikuwa nashangaa. Halafu mkono ukaenda wenyewe, pua chini, mwendo noti 65 (maili 65 za baharini kwa saa), valvu kwenye tenki zote mbili, ikawaka. Ndege kama yetu kila futi 1,000 za urefu inakupa kama kilomita mbili na nusu za kuteleza bila injini, mimi nilikuwa na muda. Ningekuwa nimetoka tu kuruka, futi 300, nisingekuwa naandika hii taarifa.

Na valvu ya namna hiyohiyo ndo iliyomgharimu maisha mwanamuziki John Denver tarehe 12 Oktoba 1997 kule Monterey Bay, California. Ndege yake ndogo ya kuundwa na mtu binafsi, Long-EZ, ilikuwa mpya mikononi mwake, aliyeiunda aliiweka valvu nyuma ya bega la kushoto, yaani ugeuke mzima ndo uifikie. Aliambiwa aongeze mafuta akasema haina haja, anaruka muda mfupi tu. Nimeona wanachama wangapi hapa wanasema maneno hayohayo.

Geji msiziamini, nshasema sana. Kijiti cha kupimia kimewekwa kwa ajili hiyo, panda juu ya bawa, chovya, soma. Tenki zetu zinabeba lita 163 ila za kutumika ni 151, hizo nyingine zinabaki chini hazifiki injini. Kitabu kinasema lita 32 hivi kwa saa lakini hizo ni za rubani aliyepunguza mchanganyiko, yaani mafuta yanayochanganywa na hewa. Na hapa Arusha wengi hampunguzi, mlifundishwa pwani kwamba chini ya futi 3,000 mchanganyiko unaachwa mbele kabisa, sasa uwanja wetu wenyewe uko futi 4,550 juu ya bahari, hiyo futi 3,000 mnaipata wapi? Mnakunywa mafuta kama lori halafu mnashangaa yamepungua.

Na hesabu za galoni. Tunanunua lita, kitabu ni galoni za Marekani, na wazee wangu kichwani mna galoni ya Mwingereza ambayo ni lita 4.55 wakati ya Marekani ni 3.785. Msidharau, mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada ilipakiwa mafuta kwa hesabu ya pauni wakati ilitakiwa kilo, ikawa na chini ya nusu ya yaliyohitajika, injini zote zikazima, na ni ustadi tu wa rubani uliowateleza mpaka uwanja wa zamani wa Gimli, hukohuko Canada, bila mtu kufa. Kama mashirika makubwa yanakosea, sisi na kalamu zetu za kuazima je?

Kuna kijana mmoja alichota mafuta ya chini ya tenki asubuhi, akaangalia kikombe, akaniambia mwenyekiti safi kabisa, hakuna mstari wa maji, maana maji hukaa chini ya mafuta. Hakukuwa na mstari kwa sababu kikombe chote kilikuwa maji! Avgasi yetu, petroli ya ndege, ni ya bluu jamani, ukiona nyeupe kama ya kunywa, simama. Nusa hata.

Kamati imekubaliana hivi: sheria inataka akiba ya nusu saa mchana, sisi kwa ndege ya chama ni saa nzima, na ukitua andika kwenye daftari lita ulizokuta kwa kijiti, siyo kwa geji, na valvu umeiachia wapi. Asiyeandika hapewi ufunguo safari inayofuata, mimi nikiwemo.

Halafu vijiti vilikuwa viwili, sasa kipo kimoja. Aliyekichukua cha pili akirudishe kabla ya Jumamosi, hatuulizi kilikuwa kinafanya nini nyumbani kwake.