Jumamosi: kupanda nyasi msitu wa kijiji

Habari za jioni ndugu zangu,

Jumamosi tunarudisha nyasi kwenye ule uwanda mtupu ndani ya msitu wetu, kabla mvua za Desemba hazijatukuta. Tukutane ofisi ya kijiji saa 12 kamili asubuhi. Jua la Dodoma mnalijua.

1. Njoo na jembe au sururu, na maji ya kunywa.
2. Uji na maandazi: shilingi 2,000 kwa mweka hazina.

Tutachimba makinga maji ya nusu mwezi, yaani vishimo vya nusu duara vya kunasa maji ya mvua, mgongo (upande uliopinda) uelekee bondeni, kisha tusie mbegu juujuu. Zikifukiwa sana hazioti. Miche ya miti iacheni nyumbani, pale ni pa nyasi. Wenye mbuzi, zungumzeni na wachungaji mapema, tafadhali.

Nani anakuja? Andika jina hapa kabla ya Alhamisi jioni.