Ndege yako ilidunda ikitua kwenye upepo? Usiirushe kabla haijakaguliwa

Ndege ndogo kufika maegeshoni kwa magurudumu yake baada ya kutua vibaya si dalili kwamba ni nzima. Uharibifu ulio hatari zaidi hauonekani kwa kuizunguka.

Tuanze na upepo. Njia ya kutua inaelekea digrii 90, upepo wa noti 20 (yaani maili 20 za baharini kwa saa) unatoka digrii 150. Pembe ni 60, hivyo ubavuni ndege inasukumwa kwa noti 17 hivi. Kitabu cha Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, kinataja noti 15 kuwa upepo wa ubavuni iliojaribiwa nao. Rubani naye huongeza mwendo kwa kuhofia upepo wa ghafla. Upepo wa noti 15 unaopanda hadi 25 unahitaji nyongeza ya noti 5 tu. Akizidisha, ndege huelea, anailazimisha kushuka, gurudumu la mbele linatangulia kugusa, inaruka tena. Mdundo wa pili au wa tatu ndio propela inapokula lami. (Ukidunda vibaya mara moja, ongeza nguvu upae upya.)

Kwenye Cessna 172 shokapu ya mbele imefungwa kwenye ukuta wa bati ulio nyuma ya injini. Kishindo kinaukunja ukuta huo, kwa hiyo sisi mafundi tunafungua kifuniko cha injini na kutafuta mikunjo, pamoja na riveti (pini zinazounganisha bati) zilizolegea, ambazo mara nyingi huzungukwa na vumbi jeusi. Kama ndege ilitua kimshazari, tunafungua pia sakafu kukagua boliti za miguu mikuu.

Propela ikigusa, hatukubaliani kamwe na wazo la kunyoosha ncha na kuendelea. Katika injini za Lycoming, gia iliyo nyuma ya krankishafti (mhimili unaozungusha propela, hivyo hupokea kishindo chake) huzungusha kemushafti (mhimili unaofungua vali) na magneto (vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi). Boliti yake ikikatika angani, injini inazimika kabisa. Lazima gia hiyo ifunguliwe na kukaguliwa, hata kama injini ilinguruma vizuri baadaye.

Kabla hujatupigia, zima magneto na umeme, funga mafuta, na usiizungushe propela kwa mkono. Piga picha za alama kwenye lami na umbali kati yake, maana zinatuonyesha ni gurudumu lipi liligusa kwanza. Ikiwa tukio linapaswa kuripotiwa kwa mamlaka ya anga, usiisogeze ndege mpaka waruhusu.