Feni ya oveni isiyozima ipimwe, isikatwe waya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa vifaa vya umeme tunakutana nalo mara kwa mara katika nyumba za Dar es Salaam zenye oveni za umeme zilizojengewa ndani ya kabati la jiko. Mwenye nyumba analalamika kwamba feni ya oveni inavuma usiku na mchana hata kama hakijaokwa kitu tangu jana. Fundi anaitwa, anakata waya wa feni, kelele zinakwisha, naye analipwa na kuondoka. Matengenezo ya namna hiyo ni ya hatari, na yanafaa kukemewa waziwazi.

Oveni nyingi za aina hii zina feni mbili. Moja iko nyuma ya chumba cha kuokea na huzungusha hewa ya moto ili chakula kiive sawasawa. Ya pili, ambayo ndiyo inayolalamikiwa, iko juu ya chumba hicho, nayo hupitisha hewa ya baridi kwenye swichi, nyaya na bodi ya umeme, kisha kuitoa kwenye upenyo ulio karibu na mlango. Waya wake ukikatwa, joto la oveni iliyowekwa nyuzi 200 hubaki limefungiwa ndani ya kabati la mbao, likiunguza nyaya na bodi polepole bila mtu kujua.

Feni hiyo kuendelea kuzunguka kwa nusu saa au zaidi baada ya oveni kuzimwa ni kawaida. Kasoro ni pale inapozunguka oveni ikiwa imepoa kabisa, na mwenye nyumba anaweza kulithibitisha hilo mwenyewe kwa kuzima umeme wa oveni kwenye sakiti breka usiku kucha, kisha kuurudisha asubuhi bila kugusa kitufe chochote. Feni ikianza papo hapo, ipo swichi iliyoganda mahali fulani. Ikikaa kimya, na ikawa inachelewa kuzima baada ya kuoka tu, kwanza aangalie kama seremala aliziba mgongo wa kabati ambako hewa ilipaswa kupita, au kama mpira wa mlango umechakaa na unavujisha joto.

Swichi iliyoganda mara nyingi ni themostati ndogo ya duara, yenye ukubwa wa sarafu, iliyofungwa kwenye bati la juu. Ikiwa baridi, inapaswa kuwa imeachia, yaani haipitishi umeme. Ikipata joto, hushika na kuiwasha feni. Fundi akishazima sakiti breka na kuhakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme, achomoe nyaya zake na kuipima kwa mita: ikionyesha omu sifuri, yaani umeme unapita bila kizuizi, ilhali ni ya baridi, imeshikana ndani na haina budi kubadilishwa. Hapa panahitaji uangalifu mkubwa, kwa sababu oveni hiyohiyo huwa pia na themostati ya usalama inayofanana nayo kwa sura lakini inayofanya kazi kinyume chake, yaani hushika ikiwa baridi na kukata umeme joto linapozidi. Kwa hiyo kipuri kinachonunuliwa ni lazima kilingane na cha zamani kwa nyuzi za joto na kwa aina, na haitoshi kufanana kwa umbo.

Themostati ikiwa nzima, au oveni ikiwa ya vitufe vya kielektroniki isiyo na themostati hiyo, ndipo ishukiwe rilei ya feni (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) kwenye bodi, pamoja na kihisi joto, ambacho kikiwa cha aina ya PT1000 husoma karibu omu 1,100 katika joto la chumba. Inasikitisha kuona mteja akiuziwa bodi nzima kabla ya vipimo hivi vya dakika chache.

Ninaelewa kwa nini watu hukimbilia kukata waya. Feni ya wati 25 isiyozima hutumia uniti 18 za LUKU kwa mwezi, na hakuna anayependa kulipia upepo. Hata hivyo, wakati wa kumsubiri fundi inatosha kuzima sakiti breka ya oveni, na feni yenyewe iachwe kama ilivyo. Wauzaji nao wangetusaidia sana kama wangeingiza themostati hizi pamoja na oveni wanazoziuza, kwa kuwa kipuri kisipopatikana dukani, koleo ndilo linalotumika.

Fundi wa vifaa vya umeme,
Kinondoni, Dar es Salaam