Kiti kimeisha, niletee beringi

Dodoma, Jumapili usiku

Mwanangu, mambo?

Najua umeninunia, meseji zako mbili sijajibu, ila usinitukane kwanza, mikono ilijaa malengelenge hata simu nashika kwa shida na sababu yake ndo hii nakuandikia. Kiti kimeisha! Kile cha magurudumu cha kuchezea mpira wa kikapu, nilichokuambia wakati wa Pasaka, kipo hapa pembeni ya kitanda kimetanua matairi kama ndama aliyezaliwa leo asubuhi.

Unavikumbuka vile viti vya msaada, siku ile tukapigwa picha tukapewa na soda? Sina kinyongo nao, walikuja kwa nia nzuri, lakini changu mimi sehemu ya kukalia ilikuwa sentimita 45 na hizi nyonga zangu unazijua, hazifiki 36. Nikawa najaza sponji kulia sponji kushoto, nikikata kona kiti kinageuka, mwili unabaki unaangalia jukwaa. Halafu kocha ananifokea mimi ndo mzito, we acha tu. Anayetembea mpe kiatu namba 45 na yeye anavaa 39, mwambie akimbize mpira, hapo ndo mtaelewana.

Basi nikamfuata yule fundi wa Majengo anayechomelea mageti na vitanda. Akacheka kwanza. Halafu akachukua futi, akanikalisha kwenye benchi akapima nyonga, paja, goti mpaka kisigino, akawa ananichora na chaki sakafuni kama trafiki anayepima ajali. Nikamwonyesha video nikamwambia tazama matairi, juu yamesogeleana chini yametanuka, usidhani yamelegea, yamelazwa makusudi ili kiti kigeuke chap na kisilale ubavu, na mkivaana zinagongana zile sehemu za chini, vidole vinapona. Nyuma kigurudumu kidogo kisikuangushe kisogo, mbele bampa. Aliposikia bampa akasema kumbe nyie mnacheza vita.

Kilichotutoa jasho ni ekseli. Gurudumu la baiskeli linashikwa pande mbili, la kiti chetu linashikwa upande mmoja tu, sasa sisi kwa ujuaji wetu tukafunga habu ya baiskeli, kile kitovu cha gurudumu, na ekseli yake ile ile, siku ya tatu mazoezini nimevaana na yule jamaa wa pointi 4 (si unajua kila mchezaji anapewa pointi kadiri mwili wake unavyoweza, mwenye nyingi ndo anaweza zaidi) ikapinda kama mshumaa ulioachwa juani. Ikabidi twende kwa mkereza vyuma, akatutolea ya milimita 12 na habu ya beringi mbili. Rimu za kusukumia fundi kazikunja mwenyewe, anazungusha bomba jembamba kwenye rimu mbovu ya lori, ila ya kulia haijakaa duara kabisa, ina kajiyai fulani, kila mzunguko kiganja kinakahisi pale pale. Malengelenge ndo yametokea hapo. Nimekafunga na tyubu ya baiskeli kwa sasa.

Kwenye mizani ya muuza mahindi kimesoma kilo 17. Vya alumini vinacheza kwenye kilo 10 hivi, najua, lakini alumini haikubali kwa mashine yake ile ya mageti, kwa hiyo tumeenda na chuma.

Kuna dada mmoja wa Marekani, Marilyn Hamilton, habari yake imenikaa kichwani. Mwaka 1978 alianguka na lile bawa la kurukia toka mlimani, mgongo ukaumia, akapewa likiti zito la chuma akalikataa. Akawafuata washkaji zake wawili waliokuwa wanatengeneza hayo mabawa akawaambia nitengenezeeni kiti kwa hizo hizo alumini zenu. Wakamtengenezea, ndo vikazaliwa viti vya Quickie, na mwenyewe akaja kuchukua ubingwa wa tenisi ya viti vya magurudumu. Jamaa hata madaktari hawakuwa! Nilipomsimulia fundi akaniuliza walimlipa shilingi ngapi.

Na usianze tena ile ngonjera yako ya kiti cha mbio. Kile dunia nyingine, magurudumu 3, kirefu kama mtumbwi, wengi wanapiga magoti humo ndani, rimu haishikwi inapigwa ngumi na glavu ngumu, gia hamna ni mikono yako tu. Kuna na kakifaa unakapiga kiganja ukiingia kona, gurudumu la mbele linajishikilia kwenye kona, ukitoka unakapiga tena linanyooka. Marcel Hug wa Uswisi alikimbia marathoni pale Oita, Japani, 2021 kwa saa 1 dakika 17 na sekunde 47, piga hesabu ni kama kilomita 32 kwa saa, bodaboda iliyobeba mkaa haimpati. Sasa we ulete hicho kiti huku kwetu kwenye mbigili? Mimi wiki hii tu nina pancha nne, mpaka nimechana tyubu ya zamani nikaitandika ndani ya tairi.

Jumamosi tumepigwa, tena vibaya, usiniulize ngapi. Ila kuna mpira nimeupora katikati, nikasukuma mbili, nikadunda, nikasukuma mbili tena, nikakata kushoto na nyonga zikaenda pamoja na kiti, yule wa pointi 4 akapita moja kwa moja kama basi lililosahau kituo. Kufunga nimekosa lakini.

Msalimie mama, mwambie zabibu zake nampa mtu anayekuja na treni. Na ukipita Gerezani hapo Dar nichukulie beringi namba 6001, zinazoingia ekseli ya milimita 12, zile zenye mfuniko wa raba pande zote mbili, vumbi la huku unalijua. Chukua nane, nne zangu nne zako, maana Desemba ukija fundi anakuanza wewe. Vipimo nitumie mapema, mama akushikie futi, na upimwe umekaa, sio unajilaza kitandani kama unapimiwa jeneza.

Wako,
wa pointi 2 na nusu